Draiva Zinapokataa Kuingia kwenye Kompyuta ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaotumia kompyuta nyumbani katika Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji ya jirani, ambao wengi wao hununua vipakatalishi vilivyokwisha kutumika ng'ambo na hutegemea bando la simu badala ya intaneti ya waya. Hali hizo mbili ndizo huzaa sehemu kubwa ya matatizo ya draiva tunayoulizwa, kwa hiyo ndizo zilizopewa nafasi kubwa hapa. Maelezo yanahusu Windows 10 na Windows 11, isipokuwa pale ambapo mfumo mwingine umetajwa.

Draiva ni nini, na kwa nini kompyuta iikose?

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo wa Windows kuwasiliana na kifaa fulani, kama vile kadi ya Wi-Fi, spika, printa au kamera. Windows huja na draiva nyingi za kawaida, ndiyo maana kipanya hufanya kazi mara tu kinapochomekwa, lakini vifaa vingine huhitaji draiva iliyoandikwa na mtengenezaji wake. Kompyuta hukosa draiva hasa inapowekewa Windows upya, inapohamishwa kutoka toleo moja hadi jingine, au inapounganishwa na kifaa kipya kwa mara ya kwanza.

Nitajuaje kwamba tatizo ni draiva wala si kifaa chenyewe?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika devmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya vifaa vyote ambavyo kompyuta inavitambua. Kifaa chenye hitilafu huwekewa alama ya hisi ndani ya pembetatu ya manjano, na ukikibofya mara mbili utaona sentensi fupi inayoeleza hali yake pamoja na nambari ya hitilafu. Usiipuuze nambari hiyo, kwa sababu ndiyo inayokuambia uanzie wapi.

Nambari 28 ina maana kwamba hakuna draiva iliyosakinishwa, na hiyo ni habari njema kwa kiasi fulani, kwa kuwa kifaa kimeonekana na kinachokosekana ni programu tu. Nambari 10 inaeleza kwamba kifaa kimeshindwa kuanza. Mara nyingi draiva ipo lakini haikifai kifaa hicho. Nambari 22 huonyesha kwamba kifaa kimezimwa na mtu, na tiba yake ni kukiwasha papo hapo kwenye orodha hiyo. Nambari 39 huashiria draiva iliyoharibika au iliyozuiwa, na 52 huashiria draiva ambayo sahihi yake ya kidijitali haikuthibitishwa. Nambari 43 ndiyo ya kuangaliwa kwa makini zaidi: kifaa chenyewe kimeripoti kasoro, na ingawa wakati mwingine kubadilisha draiva husaidia, kwa vifaa vya USB ni busara kujaribu kwanza waya mwingine na tundu jingine kabla ya kutumia bando kupakua chochote.

Ikiwa kifaa hakionekani kabisa kwenye orodha, hata bila jina, basi huenda hakijaunganishwa vizuri, kimezimwa katika mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows), au kimekufa. Katika hali hiyo hakuna draiva itakayokirudisha.

Orodha inaonyesha kifaa kisichojulikana. Nitapataje jina lake?

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, ilhali jibu limo ndani ya kompyuta yenyewe. Kila kifaa hubeba nambari ya utambulisho iliyowekwa na mtengenezaji. Kibofye mara mbili kile kifaa kisicho na jina, nenda kwenye sehemu iliyoandikwa “Details”, na katika orodha inayoshuka chagua “Hardware Ids”. Utaona mstari unaofanana na huu: PCI\VEN_8086&DEV_24FD. Sehemu inayofuata VEN humtaja mtengenezaji, na sehemu inayofuata DEV hukitaja kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 10DE ni NVIDIA na 1002 ni AMD. Mstari wa mfano wetu ni wa kadi ya Wi-Fi ya Intel aina ya 8265, kadi inayopatikana katika vipakatalishi vingi vya ofisini vinavyouzwa hapa.

Kwa vifaa vya USB, herufi hubadilika na kuwa VID na PID. VID_04B8 ni Epson, VID_04A9 ni Canon, na VID_03F0 ni HP. Nakili mstari wote jinsi ulivyo na uutafute mtandaoni kutoka kwenye simu yako, au uuingize katika tovuti ya Microsoft inayohifadhi masasisho, catalog.update.microsoft.com. Faili utakayopata hapo huishia na .cab; ifungue kwa kuandika, kwenye dirisha la amri (Command Prompt), expand -F:* ikifuatwa na jina la faili na folda ya kutolea, kisha urejee kwenye orodha ya vifaa na kuielekeza Windows kwenye folda hiyo.

Mfano mwingine ambao tumeukuta mara kwa mara ni wa vipakatalishi vya HP vya ofisini: kila kitu kinafanya kazi, lakini kifaa kimoja kinabaki bila jina na mwenye mashine hana amani. Nambari yake husomeka ACPI\HPQ0004. Hicho ni kitambuzi cha mtikisiko kinachoilinda diski ya kuzunguka pale kipakatalishi kinapoanguka. Ikiwa mashine yako tayari ina diski ya SSD, ambayo haina sehemu inayozunguka, unaweza kuiacha alama hiyo ya manjano pale ilipo bila hasara yoyote.

Nimenunua kipakatalishi kilichotumika. Wi-Fi haionekani, na bila intaneti siwezi kupakua draiva ya Wi-Fi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko mengine yote. Vipakatalishi vya aina ya HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad ambavyo vimetumika maofisini ng'ambo huwekewa Windows mpya kabla ya kuuzwa, na si kila muuzaji anayechukua muda kuhakikisha kwamba kila kifaa kimepata draiva yake. Mnunuzi hugundua pengo hilo akiwa nyumbani Kondele au Lanet, usiku, baada ya duka kufungwa.

Kabla ya kulaumu draiva, angalia ubavuni na mbele ya kipakatalishi, kwa kuwa baadhi ya modeli za zamani zina swichi ndogo ya kuzima mawimbi ya redio, na nyingine zina kitufe chenye alama ya mnara au ndege kwenye safu ya juu ya kibodi. Ikiwa swichi iko sawa na bado hakuna Wi-Fi, chukua simu ya Android, iunganishe na kipakatalishi kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu, katika sehemu ya kushiriki intaneti, washa chaguo la kushiriki kwa njia ya USB. Windows ina draiva yake ya kutambua muunganisho huo, kwa hiyo intaneti ya simu huonekana kwenye kompyuta kama vile imechomekwa waya wa mtandao. Hakikisha kwamba waya unaotumia unaweza kupitisha data, maana baadhi ya nyaya za bei ya chini hupitisha umeme wa kuchaji pekee, na hapo simu itachaji lakini chaguo la kushiriki halitawaka. Simu ya iPhone ni ngumu zaidi katika kazi hii, kwa sababu yenyewe huhitaji draiva ya Apple kwenye kompyuta.

Sasa linda bando lako. Kompyuta ikiona muunganisho wa USB huudhania kuwa intaneti isiyo na kikomo, na inaweza kuanza kupakua masasisho makubwa ya Windows kabla hujapata ile draiva ndogo uliyoikusudia. Tumewaona watu wakimaliza bando la wiki kwa njia hii, na inasikitisha kwa sababu inaepukika kabisa. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua muunganisho huo mpya, na uuweke katika hali ya matumizi yanayopimwa (Metered connection). Kisha nenda kwenye mipangilio ya vifaa na uwashe chaguo linaloruhusu draiva kupakuliwa hata muunganisho unapopimwa. Usipofanya hivyo, Windows itakataa kupakua draiva pia, nawe utafikiri kwamba haijaipata.

Njia mbadala ni kupakua draiva kwenye simu yenyewe au kwenye saiba iliyo karibu, kuiweka kwenye flashi, na kuisakinisha nyumbani. Njia hii inafaa sana mradi uende na nambari ya modeli iliyoandikwa kamili. “HP EliteBook” pekee haitoshi, kwa kuwa jina hilo limebebwa na mashine nyingi za vizazi tofauti. Modeli kamili iko kwenye kibandiko kilicho chini ya kipakatalishi, na ukiandika msinfo32 kwenye kisanduku kile kile cha kitufe cha Windows na R, utaiona kwenye skrini.

Nipakue draiva kutoka wapi? Vipi kuhusu programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa kubofya mara moja?

Kwa kipakatalishi, anza na tovuti ya kampuni iliyotengeneza kipakatalishi chenyewe, wala si ya kampuni iliyotengeneza kadi iliyomo ndani. Draiva ya sauti au ya kipanya cha kugusa mara nyingi hurekebishwa kwa ajili ya modeli fulani, na ile ya jumla inaweza kuingia lakini ikaacha vitufe vya sauti bila kazi. Tovuti za HP, Dell na Lenovo zote hukuruhusu kuandika modeli au nambari iliyo kwenye kibandiko na kupata orodha kamili bila malipo. Kadi za picha za NVIDIA, AMD na Intel ndizo za kuchukuliwa kwa watengenezaji wake moja kwa moja pale unapohitaji toleo jipya. Kabla hata ya kufika huko, fungua masasisho ya Windows na utafute sehemu ya masasisho ya hiari, kwa sababu draiva nyingi hujificha humo zikisubiri kuchaguliwa na mtumiaji.

Kuhusu zile programu za kubofya mara moja, ushauri wetu ni kuziepuka. Nyingi hukuonyesha orodha ya kutisha ya draiva zinazodaiwa kuwa zimepitwa na wakati, kisha hudai malipo au husakinisha programu nyingine ambazo hukuziomba. Draiva ya mwaka 2019 inayofanya kazi vizuri haihitaji kuguswa kwa sababu tu ipo ya mwaka 2024.

Draiva niliyopakua inasema haioani na mfumo wangu. Kwa nini?

Mara nyingi umechukua draiva ya biti 32 kwa Windows ya biti 64, au kinyume chake. Windows ya biti 64 haiwezi kupakia draiva ya biti 32, hata kama programu nyingine za biti 32 hufanya kazi ndani yake bila shida. Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Draiva ya Windows 10 kwa kawaida hufanya kazi kwenye Windows 11, lakini ya Windows 7 ni ya kubahatisha.

Printa mpya imechomekwa, lakini haichapishi. Tufanyeje?

Printa za nyumbani huleta usumbufu wa aina yake, hasa siku za mwisho wa mwezi wa Juni ambapo watu wanawasilisha ritani za KRA, na kila muhula wazazi wanapotakiwa kuchapisha kazi za watoto. Kosa la kawaida ni la mpangilio. Maelekezo ya printa nyingi za USB hutaka programu isakinishwe kwanza, na waya uchomekwe pale tu programu inapoomba. Ukiuchomeka mapema, Windows inaweza kuisajili printa kwa draiva isiyofaa, au kuiacha kama kifaa kisichojulikana, na baadaye programu sahihi ikashindwa kuichukua.

Ili kurekebisha, chomoa waya wa USB, ondoa printa hiyo kwenye orodha ya printa katika mipangilio, kisha fungua kisanduku cha kitufe cha Windows na R na uandike printui /s /t2. Dirisha litakalofunguka linaonyesha draiva za printa zilizobaki ndani ya mfumo. Chagua ya printa hiyo, iondoe pamoja na faili zake, na uwashe kompyuta upya. Sasa sakinisha programu ya mtengenezaji, na uchomeke waya unapoambiwa. Kama kijisanduku cha printa kilikuja na CD na kipakatalishi chako hakina sehemu ya kuisoma, hujapoteza chochote, kwa kuwa programu iliyo kwenye tovuti huwa mpya zaidi.

Wakati mwingine draiva haina kosa, ila foleni ya uchapishaji imekwama na inazuia hata draiva kuondolewa. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika net stop spooler, futa faili zilizo ndani ya folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha andika net start spooler. Futa yaliyomo tu. Folda yenyewe iache.

Usakinishaji unafika katikati na kukataa. Niangalie nini?

Angalia kwanza kama unatumia akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, kwa maana kwenye kompyuta ya familia huenda akaunti ya mtoto imezuiwa kusakinisha programu. Angalia pia kama kuna sasisho linalosubiri kompyuta iwashwe upya, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kuzima kompyuta na kuiwasha si sawa na kuiwasha upya. Windows ikizimwa kwa kawaida, huku kipengele chake cha kuwaka haraka kikiwa kimewashwa, huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski pamoja na draiva zake, na kuirejesha ilivyokuwa. Chagua “Restart” ndipo draiva zipakiwe upya.

Ikiwa hitilafu inahusu sahihi ya kidijitali, tafadhali usikimbilie kuzima ukaguzi huo kama baadhi ya video zinavyofundisha. Draiva huingia katika kiini cha mfumo, mahali ambapo programu mbaya inaweza kufanya lolote, na sahihi hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba faili haijabadilishwa njiani. Tafuta toleo jipya zaidi lenye sahihi. Kwenye Windows 11, draiva ya zamani inaweza pia kukataliwa na ulinzi wa uadilifu wa kumbukumbu (Memory integrity) ulio katika mipangilio ya usalama. Ulinzi huo hukuonyesha jina la draiva isiyooana, nawe unaweza kuiondoa au kuisasisha.

Baada ya kuweka draiva mpya, skrini imekuwa nyeusi. Je, nimeharibu kompyuta?

La, hujaiharibu. Jaribu kwanza kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B, ambavyo huianzisha upya draiva ya picha. Skrini ikibaki nyeusi, izime kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia wakati Windows inapoanza kupakia, na urudie hivyo mara mbili au tatu mfululizo hadi skrini ya ukarabati itokee. Kutoka hapo, pitia chaguo za juu (Advanced options) hadi mipangilio ya kuanzia (Startup Settings), na uchague nambari 4 ili kuingia katika hali salama, ambamo Windows hutumia draiva za msingi pekee. Baadhi ya mashine zitakuomba ufunguo wa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski, wenye tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye kompyuta hiyo, na unaweza kuusoma kwa simu.

Ukishaingia, fungua orodha ya vifaa, bofya mara mbili kadi ya picha, na katika sehemu ya draiva uchague kurudisha draiva iliyotangulia. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, ina maana hakuna draiva ya awali iliyohifadhiwa, kwa hiyo iondoe hiyo mpya na uwashe kompyuta upya.

Umeme ulipotea draiva ikiwa inaingia. Nianzie wapi?

Kwa wakazi wa Kisumu na Kakamega, ambako mvua za radi za alasiri hukatiza umeme mara kwa mara, swali hili ni la kawaida. Ikiwa kompyuta inawaka, ondoa draiva iliyoingia nusu kupitia orodha ya vifaa, ukiteua kijisanduku cha kufuta faili zake pia, kisha uisakinishe tena. Ikiwa haiwaki, fuata njia ya hali salama iliyoelezwa hapo juu. Sasisho la BIOS, ambalo tovuti za watengenezaji huliweka kwenye ukurasa mmoja na draiva, usiliguse kamwe wakati wingu limetanda, na kwa kipakatalishi hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa, kwa kuwa sasisho hilo likikatika linaweza kuiacha mashine isiwake tena.

Ninaweka Windows upya, lakini diski haionekani. Je, imekufa?

Pengine haijafa. Vipakatalishi vingi vyenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea huiweka diski nyuma ya teknolojia iitwayo VMD, ambayo kisakinishi cha Windows huenda kisiwe na draiva yake. Pakua draiva hiyo, iitwayo Intel RST, kutoka kwa mtengenezaji wa kipakatalishi, ifungue kwenye flashi, na uipakie kwenye ile hatua ya kuchagua diski.

Je, Windows 10 bado inafaa kutafutiwa draiva?

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Draiva zilizokwisha kutolewa bado hufanya kazi, lakini vifaa vipya vitazidi kuandikiwa draiva za Windows 11 pekee. Kwa mashine ya zamani isiyokubali Windows 11, Linux, mfumo mwingine unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni chaguo la heshima: draiva nyingi zimo ndani ya kiini chake, ingawa baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom huhitaji kuongezewa draiva kando.

Fundi anataka kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Nimwombe nini kabla hajaanza?

Mwombe ahifadhi draiva zako, ikiwa Windows bado inafunguka. Atengeneze folda kwenye flashi, tuseme D:\Draiva, afungue dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, na aandike pnputil /export-driver * D:\Draiva. Amri hiyo hunakili draiva zote zilizoongezwa na watengenezaji, na haitumii bando hata kidogo. Windows mpya ikishaingia, aandike pnputil /add-driver D:\Draiva\*.inf /subdirs /install, asubiri hadi amri imalize, kisha aiwashe kompyuta upya. Njia hii inafaa iwapo Windows mpya ni ya biti zile zile na mashine ni ile ile. Kabla ya kulipa, fungua devmgmt.msc mbele ya fundi na muitazame orodha pamoja. Ikiwa bado kuna pembetatu ya manjano, mwombe akueleze ni ya kifaa gani.